Ngano ya Desemba, joto la Machi: kupima aina zinazopandwa kwa kuchelewa

Machi ya mwaka 2022 ndiyo iliyokuwa na joto kali kuliko Machi zote India tangu kumbukumbu zilipoanza kuwekwa mwaka 1901. Joto lilipofika, mashamba mengi ya Punjab, Haryana na Uttar Pradesh yalikuwa yanajaza punje. Serikali ilikuwa imekadiria mavuno ya tani milioni 111. Ilipofika Mei makadirio yakashuka hadi karibu milioni 106, na tarehe 13 Mei ngano ikapigwa marufuku kuuzwa nje ya nchi. Wanunuzi wa serikali, ambao kwa kawaida hawapokei ngano yenye zaidi ya asilimia 6 ya punje zilizosinyaa na kuvunjika, walilegeza kiwango hicho hadi asilimia 18 ili wakulima wasirudi nyumbani na mizigo yao. Aliyepanda mwanzoni mwa Novemba aliumia. Aliyepanda Desemba aliumia zaidi.

Baada ya msimu wa namna hiyo kila mtu huuliza: aina gani ilistahimili? Jaribio la kulijibu swali hilo linaonekana jepesi. Chukua aina kumi au kumi na mbili, zipande kwa wakati na tena kwa kuchelewa, pima mavuno, linganisha. Sisi tunaoshughulika na majaribio haya tumeshaona matokeo mengi mazuri kwenye karatasi yakianguka shambani kwa mkulima, na karibu kila mara chanzo ni kilekile: aina iliyosifiwa kwamba inastahimili joto ilikuwa imelikwepa tu. Ilichanua mapema, ikajaza punje mapema, joto lilipofika ikawa inakauka. Hilo si kosa la ngano. Ni kosa la aliyeipima bila kuandika tarehe ya kuchanua.

Kwanza ieleweke kwa nini watu wanachelewa, maana wengi wanaotoka nje ya bonde la Ganga hudhani ni uzembe. Ngano huko ni zao la pili baada ya mpunga. Sheria ya Punjab ya mwaka 2009 ya kulinda maji ya ardhini ilizuia mpunga kupandikizwa kabla ya tarehe 10 Juni, kwa sababu mapema zaidi ya hapo jua hunyonya maji mengi mno. Lengo ni jema, lakini mpunga unaochelewa kuingia huchelewa kutoka, na wa basmati huchelewa zaidi. Mkulima anabaki na wiki mbili au tatu za kusafisha shamba, na ndiyo sababu mabua yanachomwa moto na moshi wake unafika Delhi. Mashariki, huko Bihar, tatizo ni tope: mashamba ya bondeni hayaingiliki kwa trekta mpaka Desemba. Magharibi mwa Uttar Pradesh ngano inangoja miwa ikatwe, na kiwanda cha sukari hakiulizi tarehe ya kupanda ngano.

Kwa ukanda wa kaskazini-magharibi muda mzuri ni kuanzia tarehe 1 hadi 25 Novemba. Desemba ni kuchelewa. Mwisho wa Desemba na Januari ni kuchelewa sana, na kuna aina zilizotolewa mahsusi kwa kipindi hicho. Kadirio linalotumika sana ni kwamba kila siku inayopita baada ya muda mzuri hupunguza kilo 30 hadi 50 kwa hekta. Wiki tatu za kuchelewa ni zaidi ya nusu tani hata kabla hujachagua aina. Hakuna aina ninayoijua inayorudisha hasara hiyo yote, na anayeuza mbegu akikuahidi hivyo, muulize aliijaribu tarehe ngapi.

Lakini kuchelewa hakuleti joto peke yake, na hapo ndipo jaribio linapoanza kuwa gumu. Ngano iliyopandwa Novemba 10 huota ardhi ikiwa na vuguvugu. Kwa wastani wa nyuzi 20 za sentigredi miche hutokeza ndani ya siku 6 au 7. Ile ya Desemba 25 inaingia kwenye ardhi ya baridi na ukungu mzito, na kwa wastani wa nyuzi 12 inachukua siku 10 hadi 12. Ikishatoka, inakaa pale pale, fupi, bila kuzaa machipukizi ya kutosha. Halafu Februari inapoanza kupata joto, mmea unakimbizwa: siku ni ndefu, nyuzi zinapanda, suke linatoka likiwa dogo. Kwa hiyo ngano ya kuchelewa hupigwa na baridi utotoni na joto uzeeni. Ukiona ploti (kipande cha shamba la jaribio) yenye mavuno madogo, huwezi kusema ni joto mpaka uwe umehesabu masuke kwa mita ya mraba na punje kwa kila suke. Masuke yakiwa machache, hasara ilitokea Januari. Punje zikiwa chache ndani ya suke, tazama kipindi cha kubeba mimba (suke likiwa bado ndani ya ala) na kuchanua. Punje zikiwa za kutosha lakini nyepesi, hiyo ndiyo kazi ya joto la kujaza punje.

Jambo jingine linalowashangaza wageni ni jinsi kalenda inavyojikunja. Siku 40 za tofauti wakati wa kupanda hazibaki 40. Zinakuwa wiki mbili au tatu wakati wa kuchanua, na wiki moja au mbili wakati wa kukomaa. Ngano ya Novemba huko Punjab hukaa shambani siku 140 hadi 155. Ya mwisho wa Desemba huishi kama 115 hadi 125. Aliyezoea kupanga kazi kwa kuhesabu siku tangu kupanda atajikuta anafika shambani kila kitu kimeshapita.

Basi turudi Oktoba, kabla mbegu haijaenda popote. Kitu cha kwanza ni mbegu zenyewe, na zote zitoke shamba moja na msimu mmoja. Mbegu iliyozalishwa kwenye ploti ya kuchelewa mwaka uliopita ni nyembamba, akiba yake ni ndogo, mche wake ni dhaifu. Ukiichanganya na mbegu nene ya aina nyingine unalinganisha akiba za mbegu, si aina. Pima uzito wa punje elfu na uotaji wa kila aina, kisha piga hesabu ya kiasi cha mbegu kwa idadi, si kwa kilo. Kanuni ni rahisi: zidisha idadi ya mbegu hai unazotaka kwa mita ya mraba kwa uzito wa punje elfu kwa gramu, gawanya kwa asilimia ya uotaji; jibu ni kilo kwa hekta. Ukitaka mbegu 280, punje elfu zina gramu 40 na uotaji ni asilimia 90, unahitaji kilo 124 hivi. Ushauri wa kawaida ni kilo 100 kwa hekta kwa ngano ya wakati na 125 kwa ya kuchelewa, ili kufidia machipukizi yanayokosekana. Kwa mkulima inatosha. Kwenye jaribio haitoshi: kilo 125 za aina yenye punje elfu za gramu 32 ni mbegu hai zaidi ya 350 kwa mita ya mraba, na za aina ya gramu 45 ni 250 tu. Tofauti hiyo peke yake inaweza kugeuza nani wa kwanza na nani wa mwisho.

Mpangilio wa shamba: weka ploti kubwa kwa ajili ya tarehe za kupanda, na ndani ya kila moja ploti ndogo za aina, marudio yasiyopungua matatu. Usijaribu kuchanganya tarehe ndani ya ploti kubwa moja ili kuokoa nafasi. Utashindwa kumwagilia. Kati ya tarehe moja na nyingine acha tuta na njia pana, kwa sababu maji ya ploti ya Novemba yatavuja kwenda kwa jirani yake wa Desemba ambaye bado hayahitaji. Tarehe mbili ndiyo desturi. Tatu ni bora zaidi, na nitaeleza kwa nini tukifika kwenye hesabu.

Kuna mabishano ya kudumu: je, ploti za kuchelewa zitunzwe sawasawa na zile za wakati, au kila tarehe ipate matunzo yake? Matunzo ya kuchelewa yanajulikana: mistari yenye nafasi ya sentimita 18 badala ya 20 hadi 22.5, mbegu zaidi, naitrojeni kilo 120 kwa hekta badala ya 150, nusu wakati wa kupanda na nusu na maji ya kwanza. Anayetafuta jeni atasema usibadilishe kitu ila tarehe. Kwangu mimi, kama jibu litakwenda kwa mkulima, ipe kila tarehe matunzo ambayo mkulima mwenye akili angeipa. Vyovyote utakavyochagua, andika wazi, maana mtu atakayesoma matokeo yako bila kujua hilo atayaelewa kinyume.

Kipimajoto kiwekwe shambani, kwenye kivuli, karibu na kimo cha masuke, kinachorekodi kila saa. Takwimu za uwanja wa ndege ulio kilomita thelathini hazifai. Shamba lililomwagiliwa lina hali yake, na usiku wake pia, na joto la usiku ndilo linalosahaulika zaidi ingawa nalo hufupisha ujazaji wa punje.

Januari ni mwezi wa kuchosha. Baridi, ukungu, hakuna cha kuonyesha wageni. Ni mwezi huohuo ambao maji ya kwanza hutolewa, na hapa wengi huharibu. Maji ya kwanza yanatakiwa wakati mizizi ya taji, ile inayoota kwenye kitako cha mche karibu na uso wa udongo, inapotoka. Kwa ngano ya wakati ni kama siku 21 baada ya kupanda, na namba hiyo imeingia vichwani mwa watu kama Bismillahi. Ngano ya Desemba inachelewa kufika hatua hiyo, mara nyingi siku 25 hadi 30. Chimbua miche mitano sita kila ploti, tazama mizizi, ndipo ufungue maji. Ukimwagilia mapema ardhi ikiwa ya baridi, majani yanageuka manjano na mmea unasimama.

Kuanzia Februari, kazi ni kuandika hatua za ukuaji, na isiachiwe kibarua asiyeelekezwa. Kubeba mimba, yaani suke linapovimba ndani ya ala ya jani la bendera, lile la mwisho chini ya suke. Kutoa suke, pale nusu ya masuke ya ploti yanapokuwa nje. Kuchanua, pale nusu ya masuke yana chavua ya manjano inayoning'inia. Usikadirie kuchanua kwa kuongeza siku chache kwenye tarehe ya suke kutoka. Katika joto kuna aina zinazochanua suke likiwa bado nusu ndani. Pita shambani kila baada ya siku mbili. Ploti za kuchelewa zinabadilika upesi kiasi kwamba ukipitwa na siku nne umekosa, na hakuna namna ya kurudia mpaka mwaka ujao. Kati ya gharama zote za jaribio hili, hiyo ndiyo inayouma kuliko mbegu na mbolea: miezi mitano ya mishahara, vibarua na dizeli ya pampu inabeba taarifa isiyoelezeka kwa sababu safu moja ya daftari iko wazi.

Kwa nini kuchanua ni muhimu hivyo? Kwa sababu joto halina athari moja. Siku chache kabla ya kuchanua, chavua inapojengwa, joto la nyuzi 30 kwa siku tatu mfululizo linaweza kuifanya tasa, na suke likatoka na mapengo. Baada ya kuchanua punje zimeshashika. Joto sasa linazuia zisijae. Kimeng'enya kinachounga wanga ndani ya punje hulegea joto likipita nyuzi 25 hivi, hata kama sukari ipo tele. Na muda wenyewe wa kujaza unakatwa, takriban siku tatu kwa kila nyuzi moja inayozidi wastani wa 15 hadi 20 ambao ngano inaupenda. Protini haipungui kwa kasi hiyohiyo, ndiyo maana ngano iliyosinyaa hupimwa ikiwa na asilimia kubwa ya protini na mtu akadhani imepata ubora. Kilichopungua ni wanga, na pamoja nao unga utakaopatikana kwa kila gunia.

Sasa Machi. Kipimo ninachokipendelea wakati huu ni joto la majani, kwa kipima joto cha infraredi kinachoshikwa mkononi. Aina yenye mizizi mirefu inayovuta maji vizuri hupoza majani yake, na ploti yake husoma nyuzi moja hadi tatu chini ya jirani yake. Kifaa ni cha bei nafuu na kazi ni ya dakika chache kwa ploti, ila masharti yake hayana msamaha: mchana, jua likiwa karibu na utosi, anga safi, upepo mdogo, majani yasiwe na umande wala maji. Simama jua likiwa mgongoni bila kuitia ploti kivuli, elekeza kifaa kwa pembe ili usione udongo, epuka mistari ya pembeni, soma mara mbili. Wingu likipita, ngoja. Na tahadhari ambayo haisemwi vya kutosha: masuke huwa na joto kuliko majani, hivyo aina iliyokwisha toa masuke itasoma joto kubwa kuliko ile ambayo bado imebeba mimba. Linganisha zilizo hatua moja.

Maji ya Machi ni fumbo la kila mwaka. Ukimwagilia kwa ratiba moja shamba zima, ploti za Novemba zinapata maji punje zikiwa zimeshakuwa ngumu, na za Desemba zinakauka zikiwa zinachanua. Hapo huna tena jaribio la joto, una jaribio la ukame, na utasifia aina ya ukame kwa jina la joto. Mwagilia kwa hatua ya mmea, kidogo kidogo, jioni upepo ukitulia. Ngano iliyolowa chini ikipigwa na upepo wa mwisho wa Machi hulala, na ploti iliyolala haina tafsiri.

Watu pia watakushauri kupulizia potasi. Ushauri uliotolewa India kwa miaka ya joto ni MOP (mbolea ya kloridi ya potasiamu) kwa asilimia 0.2, yaani gramu 400 kwenye lita 200 za maji kwa ekari, au potasiamu naitreti kwa asilimia 2, kilo 4 kwenye lita hizo hizo, wakati wa jani la bendera na tena wakati wa kuchanua. Mkulima akifanya hivyo hajakosea. Kwenye jaribio, ama ploti zote zipuliziwe au hata moja isipuliziwe.

Vivyo hivyo magonjwa. Ngano ya kuchelewa hukutana na kutu ya majani (ugonjwa wa kuvu) na, huko mashariki kwenye unyevu na vuguvugu, na madoa ya kuvu aitwaye Bipolaris sorokiniana yanayochoma jani la bendera likafanana kabisa na jani lililokauka kwa joto. Vidukari nao hupenda mazao machanga wakati mengine yamekomaa. Pulizia dawa ya kuvu ya propikonazoli kwa asilimia 0.1 (mililita moja kwa lita) shamba zima mara dalili za kwanza zinapoonekana. Vinginevyo unapima nani anaugua. Aina inayoitwa mstahimilivu wa joto huku kutu inaimaliza haina maisha marefu. Ndiyo maana aina nyingi mpya zinazotoka CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoko Meksiko, na kwa wazalishaji wa Asia Kusini hupelekwa Njoro, Kenya, kujaribiwa dhidi ya kutu ya shina ya kundi la Ug99, lililogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Aina PBW 343, iliyotawala Punjab baada ya kutolewa mwaka 1995, iliangushwa na kutu ya njano. HD 2967, ya mwaka 2011, nayo kinga yake imechakaa.

Kuvuna. Ukomavu huandikwa pale nusu ya shingo za masuke zinapogeuka manjano, si ploti nzima inapokauka. Ploti za mapema zitashambuliwa na kasuku na shomoro kwa sababu ndizo pekee zilizoiva. Funika kwa nyavu au weka mtu. Vuna eneo la ndani tu, acha mistari ya pembeni inayopata mwanga na maji zaidi.

Kisha unyevu. Ngano inayovunwa mwanzoni mwa Aprili inaweza kuwa na asilimia 12 ya unyevu. Ile ya mwisho wa Aprili, upepo mkavu umeshaipiga, inafika 8. Usiporekebisha, hasara ya joto inaongezeka bure kwa zaidi ya asilimia 4. Zidisha uzito kwa mia ukitoa unyevu uliopima, gawanya kwa 88, na zote zitakuwa kwenye asilimia 12.

Na mashine ya kupukuchua, ambayo haimo kwenye vitabu. Feni yake hutupa punje nyepesi pamoja na makapi. Kwenye ploti za wakati inatupa kidogo. Kwenye za kuchelewa inatupa zile zile punje zilizosinyaa ambazo ndizo ushahidi wako. Matokeo yake mavuno yanaonekana madogo kuliko yalivyo, na uzito wa punje elfu unaonekana mzuri kuliko ulivyo, na mtu anaandika kwamba aina fulani "ilidumisha uzito wa punje". Punguza kasi ya feni, tandika turubai nyuma ya mashine, pepeta makapi kwa mkono. Sampuli ya punje elfu ichukuliwe kabla ya kupepeta sana, na usiokote punje nzuri. Mkono wa binadamu unapenda punje nene.

Hesabu. Kipimo kinachotumika zaidi ni kile cha Fischer na Maurer cha mwaka 1978: upungufu wa aina ukigawanywa kwa upungufu wa wastani wa jaribio zima. Chini ya moja husemwa ni mstahimilivu. Tuseme wastani wa jaribio ni tani 5.0 kwa wakati na 3.5 kwa kuchelewa, upungufu wa asilimia 30. Aina A inatoka 5.8 kwenda 3.9, imepoteza asilimia 33 na alama yake ni 1.09. Aina B inatoka 4.0 kwenda 3.2, imepoteza asilimia 20, alama 0.67. Kwa alama hiyo B ni shujaa na A ni dhaifu. Lakini hata katika joto A imempa mkulima kilo 700 zaidi! B haikupoteza kingi kwa sababu haikuwa na kingi. Kipimo cha Fernandez cha mwaka 1992, kinachozidisha mavuno ya hali zote mbili na kugawanya kwa mraba wa wastani wa hali nzuri, kinampa A 0.90 na B 0.51, na hicho kiko karibu zaidi na mfuko wa mkulima. Toa vyote viwili kama unataka, lakini usitoe cha kwanza peke yake bila mavuno yenyewe pembeni.

Halafu linganisha mavuno ya kuchelewa na siku za kuchanua. Chora kila aina kama nukta. Mara nyingi nukta zitajipanga kwenye mstari: kadiri aina inavyochanua mapema ndivyo inavyovuna zaidi. Huo mstari ni kukwepa. Zinazokaa juu ya mstari, zinazovuna zaidi ya wenzao waliochanua siku zilezile, ndizo zenye ustahimilivu wa kweli, na kwa kawaida ni chache. Hapa ndipo tarehe ya tatu ya kupanda inaposaidia: aina ya mapema ya tarehe ya tatu na aina ya polepole ya tarehe ya pili hukutana zikichanua wiki moja, chini ya joto lilelile, na unaweza kuzilinganisha bila kisingizio.

Kukwepa si kubaya, tuelewane. WR 544 inakomaa haraka sana na ilitolewa kwa ajili ya anayepanda akiwa amechelewa mno karibu na Delhi. Kazi yake ni hiyo na inaifanya. Ukiipanda Novemba, itakutapeli: itamaliza safari mapema na kuacha tani shambani. HD 3059 na DBW 173 ni za Desemba kaskazini-magharibi. PBW 757, HD 3271, HD 3298 na HI 1621 ni za kuchelewa sana. Mashariki kuna DBW 14, HD 2985, HI 1563, HD 3118 na DBW 107. Kwa upande mwingine DBW 187 ni ya kupanda mapema na matunzo kamili. Kuiweka kwenye ploti ya Desemba kisha kuitangaza imeshindwa na joto ni kuionea. Jaribio lenye haki lina aina za makundi yote mawili, na kila moja inasomwa kwa kazi iliyotolewa kuifanya.

Usichukue matokeo haya na kuyapeleka popote. Kule Gezira, Sudan, kati ya Nile ya Bluu na Nile Nyeupe, hakuna baridi ya Januari ya kuzungumzia; joto liko mwanzo na mwisho wa msimu, ngano hupandwa Novemba na kuvunwa Machi, na aina kama Imam zimezalishwa kwa mazingira hayo. Aina inayong'ara Karnal, Haryana, inaweza kuzaa machipukizi mawili tu ikifika huko. Na kwenye nyanda za juu za Njoro au Basotu, Tanzania, anayechelewa kupanda huadhibiwa na mvua kukatika, si na joto. Mbinu za Punjab hazitamfaa isipokuwa ile ya kuhesabu mbegu.

Mbegu za msimu ujao zitoke kwenye ploti za Novemba, si za Desemba, hata kama aina iliyoshinda ilishindia Desemba. Zikaushwe mpaka unyevu usizidi asilimia 10 hadi 12 na kufungwa vizuri kabla mvua za Juni hazijaanza, kisha uotaji upimwe upya Oktoba, mbegu mia nne kwa kila aina.